Mjumbe Hauawi: Watu wa Katikati wa Pwani ya Cabo Delgado

Kusini kidogo ya mdomo wa mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji, kuna Kionga. Wajerumani walikitwaa kipande hicho cha pwani mwaka 1894, Wareno wakakichukua Aprili 1916 vita vikiwa vimepamba moto, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia moja kwa moja. Bendera zilibadilika, lakini wanakijiji waliendelea kuvua, kulima mihogo na kuzungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, huku kila ofisi mpya ikija na lugha yake, karatasi zake na matakwa yake.

Kati ya ofisi na kijiji alihitajika mtu. Watanzania wangemwita bwana shamba, bibi maendeleo au, kwa jina la kiofisi, afisa maendeleo ya jamii. Upande wa pili wa mto amepitia majina mengi: sipai, msimamizi wa pamba, mwenyekiti, katibu, na kwa Kireno animador (mhamasishaji) na activista (mhudumu wa jamii). Kazi za watu hao hazifanani, na wengine hawakuendeleza chochote isipokuwa hofu. Lakini wote walisimama mahali pamoja, na wanakijiji walijifunza kuwapima kwa kipimo kimoja: je, huyu analeta maneno tu, au anayapeleka pia?

Kipimo hicho kina mizizi katika enzi ya Kampuni ya Niassa. Kampuni hiyo ilipewa hati ya kutawala Cabo Delgado na Niassa mwaka 1891, na ikashika hatamu hadi 1929. Haikuwa na mtaji wa kutosha wala watu wa kutosha, kwa hiyo ilitegemea kodi ya kibanda na kazi ya lazima. Aliyezifikisha kijijini alikuwa sipai, askari mwenyeji aliyevaa sare, akitembea na orodha ya majina. Alijua njia za vichakani na alijua nani amejificha kwa nani. Maneno yake yalishuka tu. Jibu la watu lilikuwa la miguu: maelfu walivuka Ruvuma, wakaishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wengi hawakurudi.

Baada ya kampuni kuondoka, serikali ya Kireno ilileta mtaalamu wa kwanza wa kilimo ambaye vijiji vingi vilipata kumwona, na alikuja na pamba. Kuanzia 1938 zao hilo lilifanywa la lazima chini ya bodi maalumu ya serikali, na huku kaskazini kampuni ya SAGAL ilipewa haki ya kulinunua kwa bei iliyopangwa. Wasimamizi walipita shamba kwa shamba kuhakikisha kila kaya imepanda eneo lake, imepalilia kwa wakati na haijaiba muda kwenda kulima chakula. Mwanahistoria Allen Isaacman, aliyekusanya kumbukumbu za wakulima wa enzi hiyo, alionyesha jinsi pamba ilivyokula nguvu kazi ya familia na kuacha ghala tupu. Wakulima nao walikuwa na mbinu zao: wengine walichemsha mbegu kabla ya kuzifukia, kisha wakamweleza msimamizi kwamba ardhi ile haiwezi kuotesha pamba. Amri ya kulima pamba kwa lazima ilifutwa mwaka 1961, lakini kumbukumbu ya mgeni mwenye daftari anayekagua shamba la mtu haikufutwa nayo.

Wa kwanza kuyageuza maneno yaende upande mwingine walitokea nyanda za juu za Mueda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Lázaro Nkavandame aliwakusanya wakulima wa Kimakonde katika ushirika wa pamba. Wanachama walilima kwa mpango wao na kuuza kwa pamoja, na utawala wa Kireno ukaanza kuwatilia shaka kwa kuwa sasa walikuwa na msemaji. Tarehe 16 Juni 1960 mambo yalifika kilele. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wamerudi kutoka Tanganyika, walifika Mueda kuzungumza na gavana juu ya madai ya watu. Walikamatwa mbele ya umati, umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba watu wawili walipeleka maneno ofisini, na jibu likawa pingu.

Miaka miwili baadaye, Juni 1962, chama cha ukombozi cha Frelimo kilizaliwa Dar es Salaam, na vita vya ukombozi vikaanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Katika maeneo yaliyokombolewa mtu wa katikati alipata sura mpya. Palikuwa na wenyeviti wa matawi, walimu waliofundishia chini ya miti, wauguzi, na kuanzia 1967 kikosi cha wanawake kilichobeba silaha na pia kutembea vijijini kuhamasisha. Mazao ya wanakijiji yalivushwa Ruvuma, nguo na chumvi vikarudi. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Nkavandame, sasa kiongozi wa Frelimo katika jimbo, alishutumiwa yeye na wenyeviti wake kwa kujinufaisha na biashara hiyo. Alitengwa, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Mtu yule yule aliyewasemea wakulima wa pamba alikuwa, machoni pa wenzake, amegeuka dalali wao.

Pwani haikuyaishi hayo kwa namna ile ile. Wareno waliwakusanya wakazi wengi wa mwambao katika vijiji vya ulinzi, chini ya macho ya jeshi, ili wasiwalishe wapiganaji. Kwa hiyo uhuru ulipofika tarehe 25 Juni 1975, nyanda za juu zilikuwa na miaka kumi ya mazoea ya kamati, mikutano na wenyeviti, ilhali Wamwani wengi wa pwani walikutana na chama kama mgeni aliyefika akiwa tayari na majibu.

Mgeni huyo alikuja katika umbo la vikundi vya uhamasishaji, vilivyoanza kuundwa wakati wa serikali ya mpito ya 1974. Kila mtaa, kiwanda na kijiji kilitakiwa kuwa na watu wachache wa kueleza sera, kusuluhisha ugomvi, kupanga usafi na kuandikisha watu madarasa ya kisomo. Machifu waliokuwa wametumiwa na Wareno waliondolewa. Mkutano Mkuu wa Tatu wa Frelimo, Februari 1977, ulikazia vijiji vya ushirika, na Cabo Delgado ikawa jimbo lenye vijiji vingi zaidi vya aina hiyo nchini. Msomaji wa Tanzania atatambua mara moja sauti ya ujamaa vijijini. Viongozi wa Frelimo walikuwa wameishi Kongwa, Nachingwea na Bagamoyo, na waliona kwa macho yao mafanikio ya jirani na makosa yake.

Yapo mazuri ambayo wazee hawayakani. Mwaka 1978 serikali ilianza kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijiji, ambao hadi leo hujulikana kwa kifupi cha Kireno, APE. Kijiji kilichagua mtu wake, akafunzwa kwa miezi kadhaa, akarudi na sanduku la dawa za malaria, kuhara na vidonda. Huyu alikuwa jirani: alijua mtoto gani ameshinda njaa na mama gani ana haya ya kwenda hospitali. Vita kati ya serikali na waasi wa Renamo vilikata barabara na dawa, mpango ukadhoofika, na ilibidi usubiri hadi 2010 kufufuliwa.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa mzito. Katibu wa kijiji aliripoti juu, akapokea maagizo kutoka juu, na mara nyingi aliagizwa kupiga vita mambo ambayo pwani iliyahesabu kuwa uti wa mgongo wake: madrasa, ngoma za jando, mamlaka ya wazee wa mji. Walimu wa Kurani na mamwenye, yaani wakuu wa jadi wa pwani, ambao kwa vizazi vingi ndio walioandika barua na kugawa mirathi, waliambiwa kuwa ni mabaki ya zamani. Hawakutoweka. Waliendelea kusikilizwa barazani, na maneno yao hayakufika tena wilayani. Serikali ilikuja kulikubali hilo rasmi kwa Amri ya 15 ya mwaka 2000, iliyowatambua machifu na makatibu kwa pamoja kama mamlaka za jamii na kuwapa sare. Wakati huo mpasuko ulikuwa umeota mizizi. Septemba 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa umeya uliobishaniwa, mji wa pwani wa Mocímboa da Praia ulishuhudia mapigano ya kuua kati ya Wamwani, wengi wao wafuasi wa Renamo, na Wamakonde wa Frelimo.

Amani ya 1992 kati ya serikali na Renamo ilifungua mlango kwa aina nyingine ya mtu wa katikati, aliyefika kwa pikipiki na kulipwa na shirika. Chama cha Progresso, kilichoundwa na Wamsumbiji wenyewe mwaka 1991, kilijikita katika elimu na vitabu vya lugha za nyumbani, Kimwani kikiwemo. Mwaka 2001 Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mpango wa kuendeleza vijiji vya mwambao wa Cabo Delgado. Animador wa mpango huo hakuanza na jembe. Alianza kwa kuitisha kamati ya maendeleo ya kijiji, kisha kisima, darasa, mbegu, na baadaye vikundi vya kuweka na kukopa.

Vikundi hivyo vinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo kazi ya animador iliyodumu kuliko nyingi. Mfumo wenyewe ulibuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Wanakikundi hununua hisa kila wiki, fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mkopo hutolewa mbele ya wote na kurudishwa na riba kidogo. Mwisho wa mzunguko kila mmoja hupata akiba yake na faida. Wanawake wa pwani waliokwisha kucheza upatu hawakuhitaji kushawishiwa sana. Mwalimu wa kikundi alitakiwa kufundisha hesabu, kuwapo mikutano ya mwanzo, kisha kujiondoa. Kikundi kilichoendelea bila yeye ndicho kilichohesabiwa kuwa kimefaulu.

Baharini kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu bahari haina ukuta. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas ilitangazwa mwaka 2002, ikajumuisha visiwa na bara, na ndani yake watu walioishi humo tangu enzi. Mwaka uliofuata kanuni mpya za uvuvi zilitambua mabaraza ya uvuvi ya jamii, yaani wavuvi wenyewe wakichaguana ili kusimamia eneo lao kwa pamoja na serikali. Katika kisiwa cha Vamizi, wilaya ya Palma, baraza la wavuvi lilitenga sehemu ya mwamba isiyovuliwa kabisa, na watafiti wa bahari wakafuatilia samaki na kasa kisiwani hapo kwa miaka mingi.

Kuanzia 2013 mradi wa Bahari Yetu, Maisha Yetu ulieneza jambo hilo katika vijiji vya Palma na Mocímboa da Praia. Uliendeshwa na Shirika la Zoolojia la London pamoja na AMA, chama cha mazingira cha Pemba, mji mkuu wa jimbo. Wafanyakazi wa AMA walikaa na wavuvi na, muhimu zaidi, na wanawake wanaokwenda pwani maji yakikupwa kuokota kombe na kuchoma pweza. Pweza hukua haraka mno. Ukifunga mwamba kwa miezi michache, siku ya kuufungua watu huvua wakubwa, na faida huonekana kabla ya subira kwisha. Kwa hiyo mwamba wa pweza ulikuwa somo la kwanza, na eneo la kudumu la samaki lilifuata baada ya watu kuamini.

Hapa maneno yalianza kupanda. Mabaraza yaliandika sheria ndogo, yakadai haki ya kuwafukuza wenye majuya ya matundu madogo, na yakataka serikali iwasaidie dhidi ya wavuvi wa kuhamahama, ambao kaskazini huitwa vientes, kutoka Nampula au ng'ambo ya Ruvuma. Lakini hapo hapo udhaifu ulionekana. Baraza lingeweza kumkamata mvunja sheria, lisiweze kumpeleka popote. Mashua ya doria ilihitaji mafuta, na mafuta yalitoka kwa mradi.

Kisha ikaja gesi. Anadarko ya Marekani iligundua gesi katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, na mwishoni mwa 2012 hekta zipatazo 7,000 za rasi ya Afungi zilitolewa kwa mradi. Katikati ya hekta hizo kilikuwapo kijiji cha Quitupo. Sheria ya Ardhi ya 1997 inazitambua haki za jamii zinazokalia ardhi kwa mila hata bila karatasi, na inataka jamii ishauriwe. Hivyo Palma ikajaa watu wa katikati wa kila namna. Kampuni iliajiri maofisa uhusiano, vijana wenyeji wenye Kireno na simu. Kituo cha Terra Viva, asasi ya wanasheria wa mazingira kutoka Maputo, kiliwaelimisha wanakijiji juu ya sheria. Mashirika mengine yalifanya semina, na watafiti walikuja na madodoso.

Wote waliitwa wafanyakazi wa jamii, lakini kazi zao zilipishana. Ofisa uhusiano alipimwa kwa ratiba ya mradi. Mkutano ukimalizika na majina yamesainiwa, kazi yake imekwisha. Mwanasheria wa kijiji alipimwa kwa maswali ambayo wanakijiji walithubutu kuuliza. Quitupo waliuliza mengi: mashamba mapya yako wapi, mvuvi aliyezoea kuingia baharini kwa miguu atafikaje pwani, nani ataangalia makaburi. Familia za kwanza zilihamia kijiji kipya cha Quitunda mwaka 2019, zikapewa nyumba za matofali. Swali la mashamba na la bahari lilibaki likizunguka kutoka mkutano hadi mkutano.

Wakati huo vita vingine vilikuwa vimeanza. Alfajiri ya 5 Oktoba 2017 kundi la vijana lilishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Watafiti Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, waliokwenda huko baadaye, walieleza jinsi kikundi hicho kilivyokua misikitini kwa miaka kadhaa, kikikataa shule na hospitali za serikali. Mashehe wa pwani walikuwa wamekwisha kukiona na kukipigia kelele. Onyo lilipanda, likakwama.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Cabo Delgado kanuni hiyo ilivunjwa pande zote. Wapiganaji waliwalenga viongozi wa vijiji, walimu na makatibu. Upande wa serikali nao haukuwavumilia waliochukua habari. Amade Abubacar wa Redio ya Jamii ya Nacedje, Macomia, alikamatwa Januari 2019 akiwahoji wakimbizi, akakaa ndani hadi Aprili. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alituma ujumbe tarehe 7 Aprili 2020 kwamba amezingirwa na askari, na hajaonekana tena. Redio hizo ndizo zilizokuwa zikitangaza kwa lugha za nyumbani habari za chanjo, kipindupindu na bei ya samaki.

Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kimeuvunja mji wa Ibo na vijiji vya Macomia. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ikaanguka mikononi mwa wapiganaji. Oktoba mwaka huo mashua zilizojaa watu zilifika ufukwe wa Paquitequete, Pemba, siku baada ya siku. Kabla ya mahema kufika, wenyeji walikuwa wamekwisha kuwaingiza wageni vyumbani, watu ishirini au zaidi katika nyumba moja. Vijana wa mtaa waliandika majina, wakawatafutia maji watoto waliokaa baharini kwa siku kadhaa, wakatafsiri baina ya daktari na mgonjwa. Mashirika yalipojipanga yaliwavisha fulana na kuwaita activistas. Baada ya shambulio la Palma la 24 Machi 2021 mradi wa gesi ulisimama, na idadi ya waliohama makwao ilikuja kukaribia milioni moja.

Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliirudisha Mocímboa da Praia Agosti 2021, na watu wakaanza kurejea. Mwaka 2023 TotalEnergies, iliyokuwa imerithi mradi kutoka kwa Anadarko, ilichapisha ripoti ya mtaalamu wa misaada ya kibinadamu Jean-Christophe Rufin juu ya hali ya kibinadamu. Ripoti ilishauri kwamba misaada isiishie kuuzunguka uzio wa Afungi, ienee jimbo zima. Hapo ndipo ilipotokea asasi yenye bajeti iliyotangazwa ya dola milioni 200 kwa uhai wote wa mradi, na jina la Kiswahili: Pamoja Tunaweza. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, wahamasishaji wengi wa afya nchini Msumbiji walipoteza posho zao. Miezi michache baadaye, Novemba, kusimamishwa kwa mradi wa gesi kuliondolewa rasmi, na kampuni zikaanza tena kutafuta maofisa uhusiano.

Kwa mtafiti anayetaka kujua watu hawa wamefanya nini, taarifa za miradi ni nyingi. Zinahesabu mikutano, wanawake waliohudhuria, visima, vikundi, nyavu zilizokamatwa. Takwimu hizo zinafaa, lakini zinaelekea upande mmoja, kama orodha ya sipai ilivyoelekea. Ili kuupima upande wa pili inabidi kuchukua kumbukumbu za mkutano wa baraza la wavuvi la Vamizi au za mashauriano ya Quitupo, kutafuta kila ombi lililoandikwa humo, kisha kwenda wilayani Palma, Pemba na Maputo kuuliza lilifika kwa nani, mwaka gani, na ofisi ilibadili nini.